Chetezo, Mrashi na Mashine ya Ukungu

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa harufu. Katika kitabu cha safari zake ameeleza kwamba, alipokuwa amekaa pamoja na kadhi wa mji, mtumishi alitoka kwa Sheikh akiwa na sahani ya tambuu na popoo, akampa kila mmoja fungu lake, kisha akaleta chombo cha maji ya waridi ya Dameski akawamiminia wote wawili. Baada ya hapo ndipo alipopelekwa kwenye nyumba ya kufikia, na chakula kikafuata. Mgeni alitiwa harufu kabla ya kulishwa. Kwa mtu aliyekwisha kuhudhuria maulidi Unguja, Lamu au Moroni, mpango huo hauhitaji maelezo.

Nimeanza na habari hii kwa sababu moja. Tunapozungumza juu ya kutia nyumba harufu, fikra zetu hukimbilia motoni: chetezo, kaa jekundu, moshi wa udi unaopanda taratibu na kujificha darini. Ilhali chombo alichokiona Ibn Battuta hakikuwa na moto. Kilikuwa cha maji. Lugha yetu nayo inashuhudia upande huo huo. Neno tunalolitumia kwa kila kitu chenye kunukia kinachotiwa chupani, yaani marashi, limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza, na chombo chake ni mrashi, kile chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba iliyotobolewa matundu mwishoni. Asili ya marashi, basi, ni kile kinachorashiwa. Moshi una majina yake mengine.

Leo, madukani mwa miji yetu, vimeingia vifaa vya umeme vinavyotoa harufu pamoja na mvuke baridi, vingine vina taa za rangi, vingine havina maji kabisa, na mwenye nyumba hujikuta akisimama mbele ya rafu asijue achukue kipi. Muuzaji atamwambia kwamba vyote ni vizuri. Mimi naona swali lake ni la kihistoria kuliko anavyodhani, kwani vizazi vilivyomtangulia navyo vilichagua baina ya moto, maji na upepo, na havikuchagua ovyo.

Tuyaangalie kwanza maji. Ili kuyapata maji ya waridi hapana budi kukeneka, yaani kuyachemsha maua, kuukamata mvuke wake na kuupoza mpaka ugeuke matone. Ufundi huo ulikuwa umekomaa katika nchi za Kiislamu zamani sana. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na ukenekaji. Ndugu zetu walioko Oman bado wanaweza kuuona kwa macho yao. Katika vijiji vya Jabal Akhdar, kila majira ya kuchipua, mawaridi huchumwa mapema asubuhi na kutiwa katika mitungi iliyojengewa ndani ya tanuri la udongo, juu yake kukawekwa chombo cha maji baridi, na mvuke unaogusa ubaridi huo ukadondoka ndani ya bakuli la shaba. Maji ya waridi ya huko yana rangi ya hudhurungi na dokezo la moshi, kwa sababu ya tanuri lenyewe. Wanaoyazoea huyaona yale meupe ya viwandani kuwa hayana roho.

Mrashi una sifa ambayo vyombo vingine vyote havina: harufu yake haikai. Matone yakigusa viganja na uso, mtu huburudika, hunusa, na baada ya muda mfupi hakuna kitu. Watu wa leo wangeuita huo upungufu. Lakini mrashi haukukusudiwa kuijaza nyumba. Ulikusudiwa kumgusa mtu. Hupita kwa mgeni mmoja mmoja, mkononi mwa mtu mwingine, na anayerashiwa hunyoosha viganja kupokea. Kwa hiyo mwenye kutafuta kifaa cha kuifanya sebule inukie kutwa nzima asije akaulaumu mrashi kwa kushindwa kazi ambayo haikuwa yake.

Moto una historia ndefu zaidi. Wamisri wa kale, zama za Malkia Hatshepsut katika karne ya 15 kabla ya Masihi, walipeleka majahazi nchi ya Punt na kurudi na miti ya ubani na mizizi yake. Picha zake zimechongwa katika kuta za hekalu la Deir el-Bahari. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na baharia au mfanyabiashara tusiyemjua jina, kinautaja ubani ukitoka bandari za pwani ya Wasomali na za Uarabuni Kusini. Kinapofika Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani yetu, kinataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, ubani haumo. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaopenda kusema kwamba sisi ndio chimbuko la kila harufu ya Bahari ya Hindi. Ubani ulitujia kutoka kaskazini, kutoka Dhufari na nchi ya Wasomali, kwa majahazi yale yale yaliyopita kuchukua mbao na pembe. Tulichokuwa nacho sisi ni ambari. Al-Masudi, aliyezipita bahari hizi mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba ambari iliyo bora kuliko zote ni ile inayopatikana katika visiwa na fukwe za bahari ya Wazanji, yenye umbo la mviringo na rangi ya samawati iliyopauka.

Udi ni habari nyingine tena. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni kijiti tu, lakini kijiti hicho hutoka katika mti wa misitu ya Assam na Asia ya Kusini Mashariki ambao, ukiwa mzima, hauna harufu ya kusifiwa. Mti huo ukishambuliwa na kuvu ndani ya shina, hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi mzito, na sehemu hiyo iliyougua ndiyo inayouzwa kwa bei ya dhahabu. Kipande cha udi safi kikiwekwa juu ya kaa kali huungua upesi na harufu yake huchafuka. Kikiwekwa juu ya kaa lililofunikwa jivu hutoa mafuta yake polepole. Mama zetu hawakufundishwa kemia, lakini kila mmoja wao alijua kuliacha kaa lipate jivu kwanza.

Kwa kuwa udi safi ulikuwa wa wachache, wanawake wa visiwani wakabuni wao. Udi wa kupika hutengenezwa kwa shira ya sukari, vipande vya udi au unga wa sandali, na manukato ya mafuta yanayotiwa mwishoni, moto ukishapungua, ili yasiruke. Kila nyumba ilikuwa na kipimo chake, na vipimo hivyo havikutolewa kwa jirani kwa urahisi. Kwa maoni yangu huu ndio mchango mkubwa wa visiwa vyetu katika historia ya manukato, na hauna jina la mtu mmoja. Sukari hulishika kaa, huyeyuka na kuvimba, na kuifanya harufu idumu zaidi ya kile kipande kidogo cha mti ambacho peke yake kingekwisha mara moja.

Chetezo chenyewe, kikombe cha udongo juu ya mguu mfupi, ni chombo rahisi. Jambo lisilo rahisi ni mkono unaokibeba. Mtu sharti awashe makaa mapema, ayapepee, ayachague, akipitishe chetezo chumba hadi chumba, akiweke chini ya nguo zilizotandazwa juu ya tenga, akisogeze karibu na nywele za bibi arusi bila ya kuziunguza. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo amesimulia jinsi nguo na matandiko ya jumba la baba yake yalivyotiwa manukato na jinsi maua yalivyopendwa. Asomaye kwa makini ataona pia kwamba kazi hizo zilifanywa na watumwa. Harufu ya majumba ya wakati ule ilikuwa na mikono nyuma yake, na mikono hiyo haikulipwa. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, kazi ya chetezo haikutoweka. Ilihamia kwa mabinti wa nyumba, mashangazi na wajakazi. Siwezi kuwalaumu wajukuu wao wakitaka kifaa kinachobonyezwa.

Pamoja na mkono, chetezo kilitegemea kitu kingine tunachokisahau, nacho ni nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu ilikuwa na kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, kisha ndani. Nyumba ya Mji Mkongwe ilikuwa na ua wa kati na dari za boriti zilizo juu mbali na kichwa cha mtu. Moshi ulipata pa kupanda na pa kutokea. Nyumba ya makuti nayo ilipumua kwa paa zima. Nyumba tunazojenga sasa zina dari fupi, madirisha ya alumini yanayofungwa kabisa, na mashine ya kupoza hewa ambayo haitaki dirisha lifunguliwe. Kaa likiwaka katika chumba cha namna hiyo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na moshi wa udi wowote, wa bei kubwa au ndogo, una chembe ndogo mno zinazoingia mapafuni. Mwenye mtoto wa pumu hapaswi kusita katika jambo hili. Chetezo bado chaweza kutumika, lakini mlango na dirisha viwe wazi, na makaa yatolewe nje watu wanapokwenda kulala. Ilivyo, tumebadilisha nyumba kwanza, na sasa tunalazimika kubadilisha chombo.

Kabla ya kuvifikia vifaa vipya inafaa tujue kinachotiwa ndani yake, kwa kuwa sehemu ya bidhaa hiyo inatoka kwetu. Mikarafuu ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Mascarene katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, Sayyid Said akaamrisha ipandwe kwa wingi, na mashamba yakalimwa kwa nguvu za watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo mama wa karafuu. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha 15 hadi 18 kwa mia ya uzito wake, kiwango ambacho mimea michache sana inakifikia. Hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, yana mafuta kiasi cha 5 hadi 7 kwa mia. Kiwanda cha kukeneka makonyo kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake, kilianza kazi katika miaka ya 1980, na pamoja na makonyo kimekuwa kikikeneka majani ya mchaichai, mkaratusi na mdalasini. Anayepita barabara ile siku ambayo kiwanda kinafanya kazi hana haja ya kuulizia njia.

Kusini zaidi, katika visiwa vya Komoro, ua linalotawala ni langilangi. Mti wake ulitoka Asia, Wafaransa wakauingiza katika mashamba yao, na ulipofika mwaka 1921 mafuta ya ua hilo yalikuwa miongoni mwa viambato vya Chanel N°5. Maua huchumwa asubuhi na mapema na kutiwa kwenye mtambo siku hiyo hiyo. Zinahitajika kilo 50 hivi za maua kupata kilo moja ya mafuta, na moto hukaa chini ya mtambo kwa saa nyingi, mara nyingine hadi 20. Mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ghali na huenda kwa watengeneza manukato. Yanayofuata hushuka daraja baada ya daraja hadi sabuni. Kuni za moto huo zimekatwa katika misitu ya Nzwani mpaka milima imeonekana mifupa. Chupa ndogo inayorudi dukani ikiwa na picha ya ua la manjano haisemi lolote juu ya kuni, wala juu ya wanawake wanaochuma, na bei yake kwa mililita 10 humshangaza mtu ambaye nyuma ya nyumba yake umesimama mlangilangi.

Sasa tuje kwenye vifaa. Cha zamani zaidi miongoni mwa vipya ni kibakuli kinachopashwa moto kwa mshumaa mdogo. Hutiwa maji, na juu ya maji matone machache ya mafuta. Ni ndugu wa chetezo aliyepunguziwa moshi, hakitaki umeme, na kwa sebule ndogo kinatosha. Kasoro yake ni joto: sehemu nyepesi za mafuta, zile zinazonukia mbichi kama za mchaichai na machungwa, huruka mwanzo kwa pupa, na maji yakikauka mafuta yaliyobaki huungua na kunuka. Na mshumaa ni moto. Pazia likipeperushwa na kusi halichagui.

Kinachouzwa sana leo ni mashine ya ukungu. Chini ya kikombe chake cha maji kuna kisahani kidogo cha kauri kinachotetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, na mtetemeko huo huyapasua maji pamoja na mafuta yaliyoelea juu yake kuwa chembe nyepesi zinazopaa bila ya joto. Ni ufundi mzuri. Uliwafaa sana watu wa nchi za baridi, ambao majira ya kipupwe hupasha nyumba zao moto mpaka hewa ikawa kavu na midomo ikapasuka. Kwao unyevu ni faida ya pili. Je, sisi? Wakati wa masika hewa ya visiwa vyetu imeshiba maji hata chumvi haitoki kichupani. Kuongeza unyevu katika chumba kilichofungwa ni kuvikaribisha vile vidoa vya kijani vinavyokula vitabu, viatu na kanzu za sandukuni. Lugha yetu, kwa hekima yake au kwa kejeli yake, imeyaita mambo hayo mawili kwa jina moja: ukungu upaao na ukungu uotao.

Kuna suala la maji pia. Visima vya Unguja vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake mengi yana chokaa. Mashine hii haiichuji chokaa. Huirusha hewani pamoja na ukungu, nayo hutua mezani kama unga mweupe na kujijenga juu ya kile kisahani mpaka kikadhoofika. Mwenye mashine hii atumie maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi au yaliyokenekwa, na akisafishe kikombe kila baada ya siku chache. Na kwa Mpemba mwenye chupa ya mafuta ya makonyo nina neno moja: mafuta hayo ni makali, hula baadhi ya plastiki, na yakiwa mengi hewani huwasha macho na koo. Tone moja au mawili kwa kikombe kizima yanatosha, na asiyaelekeze penye kitanda cha mtoto wala panapolala paka.

Mashine ya tatu haitumii maji. Pampu ndogo husukuma hewa kwa kasi kupitia mrija mwembamba wa kioo, na hewa hiyo huyavuta mafuta matupu na kuyatawanya kama vumbi. Kwa uaminifu wa harufu hakuna kinachoishinda, na haiongezi unyevu. Lakini hunywa mafuta kama mgonjwa wa homa anywavyo maji, ina mlio, na mafuta mazito kama ya udi na sandali huuziba mrija wake. Yaani, yale mafuta ambayo Mswahili angependa kuyatia kuliko yote ndiyo mashine isiyoyataka.

Zote mbili zinataka umeme, na watu wa visiwa hivi hawana haja ya kukumbushwa maana yake. Mwaka 2008, kuanzia Mei, Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Pemba iliishi kwa jenereta za dizeli hadi 2010 ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na Unguja ikapata waya mpya mwaka 2013. Hali si ile ya zamani, lakini miezi ile mitatu ndiyo iliyotufundisha kutovitupa vyombo vya mababu.

Ndiyo maana, nikiulizwa, mimi huelekeza kwenye vifaa viwili visivyo na fahari yoyote. Kimoja ni chupa yenye vijiti: mafuta hupanda ndani ya kijiti chembamba kama mafuta ya taa yapandavyo utambini, na hewa hufanya yaliyobaki. Hakina moto, umeme wala ukungu, na katika ukumbi unaopitiwa na upepo hudumu wiki kadhaa. Chupa iwekwe juu, mbali na watoto, kwani mafuta ya kukeneka yakinywewa ni sumu. Kifaa cha pili hakiuzwi. Ni udongo uliochomwa bila ya kung'arishwa, ambao vinyweleo vyake hunywa mafuta na kuyatoa kidogo kidogo. Chetezo kipya ambacho hakijaingia moto, kikidondoshewa matone matatu ya langilangi ndani ya kikombe chake, huitia harufu chumba cha kulala usiku mzima. Wafinyanzi wa Unguja na Pemba wangali wanavifinyanga, na bei yake ni ndogo kuliko ya chupa ya mafuta yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba nimeuhukumu moshi kwa haraka. Nakubali kwamba hakuna kifaa kati ya hivi kinachoweza kufanya lile moshi ulifanyalo juu ya nguo. Harufu ya vijiti na ya mashine hukaa hewani na kuondoka na hewa. Utomvu wa udi, ukipanda na moshi, hushika katika nyuzi za kitambaa na katika nywele, na kanga iliyofukizwa Ijumaa hunukia hata Jumapili. Anayetaka nguo zake zinukie hana budi kurudi kwenye kaa. Lakini udi wenyewe unaadimika. Miti yake yote imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Aina moja iliorodheshwa mwaka 1995, na zilizobaki baada ya uamuzi wa 2004. Msandali wa bara, ambao mafuta yake yalianza kutumiwa badala ya sandali ya Hindi, ulikatwa ovyo Kenya na Tanzania mpaka nao ukaingizwa katika orodha hiyo mwaka 2013. Vipande vingi vinavyouzwa mitaani kwa jina la udi ni mti wa kawaida uliorowekwa katika manukato ya viwandani, na moshi wake hauna haki ya heshima tuliyoupa ule wa zamani. Afadhali udi wa kupika wa jirani, ambao angalau aliyeupika tunamjua.

Limebaki jambo moja ambalo maduka hayaligusi. Katika desturi zetu harufu ina nyakati za kuwapo na nyakati za kutokuwapo. Mzazi hufukizwa pamoja na mtoto wake; bibi arusi hufukizwa; maiti hutiwa kafuri; na fedha za rambirambi tumeziita ubani, jina la ule utomvu wa Dhufari. Mjane aliye katika eda hajitii manukato kwa miezi 4 na siku 10. Katika muda huo mrashi hulala kabatini, chetezo hakipiti chumbani kwake, na hata asumini hazitandazwi kitandani. Mashine iliyotegwa saa ijiwashe yenyewe kila jioni haina habari ya hayo, na sharti mtu akumbuke kuichomoa ukutani siku ile ile ya msiba. Eda ikiisha, mwanamke huogeshwa, huvishwa nguo mpya, na mmoja wa wakubwa wa nyumba huwasha kaa, akalingoja lipate jivu, akamletea.